Kaburi la Ohlsdorf na Imani ya Kondele: Kosa la Kumhukumu Sayyida Salme kwa Mahali Alipozikwa

Ipo imani iliyokita mizizi Kisumu na katika mwambao wote wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kwamba maisha ya mtu hupata maana yake ya mwisho pale anapozikwa, na kwamba kaburi ndilo hujibu swali la marehemu alikuwa nani na alikuwa wa nani. Imani hiyo haiishi vijijini peke yake. Inaonekana waziwazi Kondele, mtaa wa njia panda katika barabara ya Kakamega, jirani na hospitali kuu ya rufaa ambayo wenyeji wangali wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovyeti, kwa sababu kutoka mochari ya hospitali hiyo maiti nyingi za watu walioishi mjini husafirishwa kurudishwa dala, yaani boma la ukoo, ambako Mjaluo hutarajiwa kuzikwa hata kama alilipa kodi ya nyumba mjini kwa miongo mitatu. Kama mwongozo wa mazishi, desturi hiyo ina heshima yake na haina haja ya kutetewa hapa. Kasoro huanza pale kanuni ya mazishi inapogeuzwa kuwa kanuni ya kusomea wasifu, na kasoro hiyo haijitokezi vizuri popote kuliko katika namna anavyosimuliwa Sayyida Salme binti Said, mwandishi wa Unguja wa karne ya 19 anayejulikana pia kwa jina la Emily Ruete.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika Kasri la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, akiwa binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, na mama yake alikuwa Jilfidan, suria wa Kicherkasi, yaani mwanamke aliyeingizwa katika nyumba ya mtawala kwa njia ya utumwa na kumzalia mtoto. Alijifunza kuandika kwa siri, jambo lisilokuwa la kawaida kwa wanawake wa nyumba yake, na ujuzi huo ukamfanya mwaka 1859 awe mwandishi wa barua wa kundi la ndugu waliomuunga mkono kaka yao Barghash katika jaribio lake lililoshindwa la kumwondoa kaka yao mwingine, Majid, katika utawala. Mwaka 1866, akiwa mjamzito wa Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake, alitoroka Unguja kwa manowari ya Waingereza hadi Aden, ambako alijifungua mtoto wa kiume, akabatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa na Ruete mwezi Mei 1867. Mwaka 1886 alichapisha Berlin kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani, mojawapo ya tawasifu za mwanzo kabisa za mwanamke wa ulimwengu wa Kiarabu kupigwa chapa. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924 na kuzikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, kwenye kaburi la familia ya Ruete.

Kuhusu kaburi hilo yameenea masimulizi mawili ambayo, ijapokuwa yanapingana, yote yametoka katika chungu kimoja. Simulizi la kwanza ni la mapenzi: binti wa Sultani aliacha dini, ndugu na mashamba kwa ajili ya mwanamume mmoja, na kulala kwake kando ya mwanamume huyo ni hitimisho linalofaa la hadithi yote. Simulizi la pili ni la majuto: mwanamke huyo alifia ugenini na kuzikwa kwenye baridi, na kifuko kidogo cha mchanga wa pwani ya Unguja, kinachosimuliwa kuwa alikihifadhi miaka yote hadi kufa kwake, kinathibitisha kwamba moyo wake haukuondoka Zanzibar hata siku moja. Wanaoshika simulizi la kwanza humtaja Emily, na wanaoshika la pili humtaja Salme, lakini wote wanakubaliana kwamba ushahidi mkuu umo kaburini, ama katika jina lililo kwenye jiwe, ama katika mchanga ulio chini yake. Makubaliano hayo ndiyo yanayopingwa hapa.

Simulizi la mapenzi haliwezi kustahimili hesabu rahisi ya miaka. Ndoa ya Salme na Ruete ilianza Mei 1867 na kukatika Agosti 1870, pale Ruete alipokufa kwa ajali ya tramu ya farasi jijini Hamburg, kwa hiyo iliendelea kwa muda wa miaka mitatu na ushei. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa Aden, alikwisha kufariki mwaka 1867, na wakati wa kifo cha baba nyumba ilikuwa na watoto watatu, Antonie Thawka aliyezaliwa 1868, Rudolph Said wa 1869 na Rosalie Ghuza wa 1870, ambaye hakuwa hata ametimiza miezi minne. Salme alikuwa hajafika miaka 26. Kutoka siku hiyo aliishi akiwa mjane kwa zaidi ya miaka 53, hakuolewa tena, na ni katika ujane huo alipoandika kila kilichompa haki ya kuitwa mwandishi. Kaburi la pamoja, basi, linasema kwa niaba ya miaka mitatu na kuifuta ile hamsini, na msomaji anayelichukua kama muhtasari wa maisha yake anaianza hadithi pale inapokaribia kuanza na kuifunga kabla mhusika wake mkuu hajashika kalamu.

Yaliyotokea katika miaka hiyo hayana sura ya hadithi ya mapenzi hata kidogo. Sheria ya Hamburg ya wakati ule haikumwachia mjane uhuru wa kusimamia peke yake mali na malezi ya watoto wake, bali iliweka wanaume juu yake, na Salme, ambaye alikabidhiwa shamba na fedha za urithi akiwa bado msichana mdogo Unguja, alilalamika wazi kwamba katika jambo hilo mwanamke wa Kijerumani hakuwa na nafasi bora kuliko mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa akihurumiwa na Wazungu. Fedha zilipopungua alihama Hamburg, akaishi Dresden, Rudolstadt na Berlin, na kwa vipindi alijipatia riziki kwa kufundisha Kiarabu na Kiswahili. Mwaka 1875, Barghash ambaye sasa alikuwa Sultani alipozuru London, Salme alivuka bahari kumfuata, lakini alishawishiwa na afisa wa Uingereza, Sir Bartle Frere, aache kumwona kaka yake kwa ahadi ya kusaidiwa elimu ya watoto. Huyu ni mama aliyekuwa akipiga hesabu ya karo, kodi na uraia wa watoto wake, na hakuna herufi moja ya mambo hayo inayosomeka katika kulala kwake kando ya mume.

Watetezi wa simulizi la pili watafurahia hoja hizo, wakidhani kwamba kuanguka kwa hadithi ya mapenzi kunaiimarisha hadithi ya majuto, na hapo ndipo imani ya Kondele inapohitaji kuchunguzwa kwa makini zaidi. Kanuni inayosema kwamba mifupa ya mtu irudi kwa baba zake ni kanuni ya wanaume. Kwa desturi ya Wajaluo mwanamke aliyeolewa hazikwi kwa baba yake. Huzikwa katika dala ya mumewe, upande wa kushoto wa nyumba yake, na ukoo unaomzika ni ule aliouzalia watoto. Mtu anayetumia kipimo hicho kwa haki hana budi kukiri kwamba Salme amezikwa mahali barabara, miongoni mwa watu wa mume, na kwamba kumlilia kama mfu aliyepotea ni kuivunja kanuni ileile inayodaiwa kuheshimiwa. Kwa maneno mengine, desturi ya Ohlsdorf ya mwaka 1924 na desturi ya Wajaluo wa Siaya zilikubaliana kabisa kuhusu mahali pa mke, na makubaliano hayo yanaeleza jinsi jamii mbili zinavyohesabu ukoo kwa upande wa kiumeni, bila kueleza chochote kuhusu alichokitaka mwanamke anayehusika.

Kwamba kaburi ni uamuzi wa walio hai si dhana ya nadharia tu kwa wasomaji wa Kenya, kwa maana mahakama zilikwisha kulithibitisha mbele ya taifa zima. Wakili Silvano Melea Otieno, maarufu kama S.M., alipofariki Desemba 1986, mjane wake Wambui Waiyaki Otieno, Mkikuyu kwa kuzaliwa, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, Ngong, na akaeleza kwamba hilo ndilo lililokuwa matakwa ya marehemu, huku ukoo wa Umira Kager ukisisitiza azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi iliendelea kwa miezi, mwanafalsafa Henry Odera Oruka akiitwa kueleza mila za Wajaluo, na hoja kubwa ya upande wa ukoo ikiwa kwamba mtu aweza kuwa na nyumba nyingi mijini lakini dala ni moja tu. Mahakama ya Rufani iliamua Mei 1987 kwa kuupa ushindi ukoo, na S.M. akazikwa Nyalgunga bila mjane wake kuhudhuria. Hukumu hiyo iliamua nani ana haki ya kuzika. Haikuamua, wala haikuweza kuamua, iwapo miaka ya ndoa, kazi na malezi aliyoishi S.M. Nairobi ilikuwa maisha ya bandia. Mwanahistoria atakayeandika wasifu wake kwa kuanzia Nyalgunga na kuishia Nyalgunga atakuwa ameandika historia ya ukoo ulioshinda kesi.

Kondele yenyewe, ikisomwa vizuri, ni hoja dhidi ya imani inayohusishwa nayo. Wengi wa wanaoishi hapo na katika Manyatta jirani walikuja kutoka Siaya, Homa Bay, Migori, Vihiga na kwingineko kutafuta kazi. Wamefanya biashara, wamezaa, wamesomesha, wamepiga kura na kugombana na askari katika mtaa huo, kisha wakifa huondolewa na kuzikwa kwingine. Ikiwa makaburi yangekuwa kumbukumbu timilifu ya maisha, basi mtafiti wa karne ijayo angezunguka Kondele na kuhitimisha kwamba karibu hakuna aliyewahi kuishi hapo, ilhali kila mkazi anajua kwamba mtaa huo umebeba maisha ya watu kwa vizazi. Wakazi hao hawakubali hata kidogo kwamba miaka yao mjini ni ya bure kwa kuwa kaburi lao litakuwa shambani. Haki hiyo wanayojipa wao wenyewe wanapaswa kumpa na Salme, ambaye aliishi Unguja, Hamburg, Berlin na Jena, na aliyekaa pia Beirut kwa zaidi ya miaka 20 hadi 1914, mji ambao wasimulizi wa kaburi lake hawautaji kabisa kwa sababu hauna jiwe lenye jina lake.

Linabaki suala la mchanga, ambalo linagusa hisia kuliko yote na kwa hiyo linahitaji ukali zaidi. Hakuna sababu ya kukana kwamba Salme aliipenda nchi yake ya kuzaliwa, kwa kuwa kitabu chake kimejaa upendo huo kuanzia bustani za Mtoni hadi vyakula vya Ramadhani. Kinachopingwa ni matumizi ya mchanga kumgeuza mdai kuwa mliaji. Salme alirudi Unguja mara mbili, mwaka 1885 na 1888, na safari zote mbili zilikuwa na madai: alitaka sehemu yake ya urithi wa ndugu waliofariki baada ya yeye kuondoka, madai ambayo Barghash aliyakataa kwa hoja kwamba aliyeacha Uislamu hana urithi kwa Mwislamu. Safari ya 1885 ilifanyika chini ya ulinzi wa manowari za Kijerumani, wakati serikali ya Bismarck ilipomshinikiza Barghash kuhusu maeneo ya bara, na ilipopata ilichokitaka haikuwa tena na haja kubwa ya kupigania mirathi ya mjane mmoja. Hizi ni habari za sheria ya mirathi, za diplomasia na za mwanamke aliyetumiwa na dola mbili huku naye akijaribu kuzitumia. Anayezifupisha kuwa kiu ya nyumbani anamhurumia Salme kwa kiasi kile kile anachomnyang'anya akili yake.

Simulizi la majuto lina dhambi nyingine, nayo ni kuisafisha nyumba ambayo Salme anadaiwa kuililia. Familia ya Sayyid Said, ambaye kwa maelezo ya Salme mwenyewe aliacha watoto 36 walio hai alipokufa mwaka 1856, ilikuwa familia ya masuria, watumwa na mashamba ya karafuu yaliyolimwa kwa kazi ya watumwa, na Salme katika kitabu chake aliutetea utumwa wa Unguja mbele ya wasomaji wa Ulaya, ijapokuwa mama yake mwenyewe alichukuliwa kwa nguvu utotoni. Jambo hilo lilizua mzozo Hamburg, ambako uwanja mmoja ulipewa jina lake mwaka 2019 na jina hilo likaondolewa baadaye kwa sababu ya maandishi hayo. Msomaji wa Kiswahili hana budi kulijadili bila kulikwepa, kwa kuwa wengi wa waliofanya kazi katika mashamba yale walitoka bara, baadhi yao katika njia za misafara zilizofika hadi nchi za maziwa. Kaburi lenye mchanga wa pwani humfanya Salme kuwa binti wa ardhi isiyo na hatia. Kitabu chake, kwa upande mwingine, kinaonyesha ni nani aliyeilima ardhi hiyo.

Familia yake halisi inapatikana mahali pengine kuliko Ohlsdorf, na kwanza kabisa katika majina. Watoto watatu waliozaliwa Hamburg, wakabatizwa na kulelewa kama Wajerumani, kila mmoja alibeba jina la pili la upande wa mama, na mmoja wao, Rudolph Said, alipokuwa mtu mzima aliandika na kuchapisha mwaka 1929 kitabu juu ya babu yake Sayyid Said, kisha akahakikisha kwamba vitabu na karatasi za mama yake vinahifadhiwa Leiden, Uholanzi. Pili, inapatikana katika sababu ya kuandika. Salme alieleza kwamba alianza kumbukumbu zake kwa ajili ya watoto wake, ili wajue alikotoka mama yao, na hazikukusudiwa kwanza kwa soko la Berlin. Barua alizoandika kuhusu miaka yake Ulaya zilitolewa kitabuni baada ya kifo chake, na ndani yake ujane na upweke vinaelezwa kwa ukweli ambao hakuna mchonga jiwe angeweza kuufikia.

Katika hilo Salme ana mwenzake mkubwa katika fasihi ya pwani. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwachia binti yake Mwana Hashima mawaidha ya dini, ndoa na adabu, na miaka michache baadaye akafariki. Wanawake hao wawili walitofautiana karibu katika kila kitu: mmoja alibaki katika Uislamu na katika mila za Pate na Lamu, mwingine akaondoka, mmoja alitunga kwa Kiswahili katika vina na mizani, mwingine akaandika nathari ya Kijerumani. Hata hivyo, wote wawili walikuwa wajane waliowaandikia watoto wao kwa hofu ya kutoeleweka baadaye, na hakuna mwalimu wa fasihi anayeanza somo la Mwana Kupona kwa kuuliza kaburi lake liko wapi. Utendi wake unatosha. Upendeleo huo, wa kusomwa kwa alichoandika, Salme amenyimwa kwa sababu tu kaburi lake linatoa picha nzuri ya kupiga na kusimulia.

Inaweza kujibiwa kwamba hoja hizi zinadharau nguvu ya makaburi, kwani jamii bila makaburi haina mahali pa kukutana na waliotangulia, na kwamba watu wa Unguja au wa Kisumu wana haki ya kutamani mtu wao arudishwe. Jibu ni kwamba kaburi ni mahali pa wajibu, na wajibu wake ni kwa walio hai: linaonyesha nani alibeba jeneza, nani alilipa gharama, ukoo upi ulikubali kumtambua marehemu na sheria ipi ilimpa nguvu ya kufanya hivyo. Habari hizo ni za thamani, na katika kesi ya S.M. ziligeuka kuwa somo kuu la sheria ya familia nchini Kenya. Zinapochukuliwa kama ushahidi wa dhamiri ya aliyezikwa, hata hivyo, zinampa neno la mwisho mtu asiyestahili, yaani mwenye mamlaka ya kuzika. Kumrudisha Salme Unguja kungebadilisha mwenye mamlaka hayo tu. Wangeondoka wakwe wa Hamburg na kuingia serikali, wizara na watu wa utalii, na Salme angeendelea kusemewa.

Kwa hiyo mjadala unaofaa kuhusu Salme, iwe darasani Maseno au barazani Kondele, uanze na miaka 53 ya ujane wake, uulize kwa nini sheria ya Hamburg ilimhofu mjane na kwa nini Barghash alimnyima urithi, umhoji juu ya utumwa bila kumwonea wala kumfichia, na umsome kama mwandishi aliyejua vizuri kwamba wengine wangemsimulia vibaya. Wale wanaotaka kujua alikuwa wa nani wana jibu lake mwenyewe, alilolichapisha mwaka 1886, miaka 38 kabla mtu yeyote hajapewa nafasi ya kuamua azikwe wapi.